Tanga Iliyotupokea

Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi kuliko niliyoishi Tanga, lakini mtu akiniuliza kwetu wapi, ulimi unatangulia kusema Tanga kabla sijafikiri. Na ukoo wetu haukuanzia pale. Babu mzaa baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, alikuja kukata mkonge. Bibi alikuwa Mbondei wa Muheza. Baba alizaliwa kambini, katikati ya shamba, akakua akawa fundi wa karakana ya reli, akapanga vyumba viwili Ngamiani, na hapo ndipo mimi na ndugu zangu tulipolelewa.

Mwezi wa saba, binti yangu alipofunga chuo anakosomea ugavi na usafirishaji, nilimwambia, "Ijumaa tunakwenda Tanga, Jumapili jioni tunarudi." Alikuwa ameisikia Tanga maisha yake yote, lakini kuiona kwa nafasi alikuwa bado. Safari zetu za huko zilikuwa za misiba na harusi: unafika usiku, unashinda jikoni au chini ya turubai, unaondoka alfajiri. Safari hii hapakuwa na msiba wala harusi. Nilitaka tu aijue Tanga, na mimi niishibe.

Njia ya mkonge

Tulipanda basi la asubuhi kituo cha Magufuli, Mbezi. Chalinze, daraja la Wami, Mkata, Kabuku, kisha Segera, ambako mabasi yanaachana. Ya Moshi na Arusha yakashika njia ya Korogwe, sisi tukakata kulia. Kuanzia hapo hewa inakuwa na unyevu, minazi inaanza kuchungulia nyuma ya nyumba, na kiyoyozi cha basi kinaanza kuzidiwa.

Muheza vijana walilizunguka basi na machungwa. Mwezi wa saba ndio msimu wake, na machungwa ya Muheza yana ganda la kijani hata yakiwa yameiva na kujaa maji. Kijana mmoja alisimama chini ya dirisha letu akamenya la binti yangu huku akitazama pembeni, akipiga soga na mwenzake. Kisu kilikaa palepale, chungwa ndilo lililozunguka, ganda likatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika mpaka chini. Akakata kipande cha juu, akakirudishia mahali pake, akapokea hela. Dereva alikuwa ameshaanza kuondoa gari.

Baada ya Muheza yalianza mashamba ya mkonge. Binti yangu aliacha simu akatazama. Mistari imenyooka kutoka ukingo wa barabara hadi macho yasipofika, na basi likienda, mistari inafunguka na kujifunga. Huku na huku milingoti imechomoza katikati ya majani, dalili kwamba mmea umefika mwisho wa maisha yake.

Nilimsimulia nilichosimuliwa. Mkonge asili yake ni Yucatán, huko Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Safari ikaiua karibu yote, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ambayo baadaye yaliifanya nchi yetu kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 230,000. Kamba zilizofungia meli, magunia yaliyobebea nafaka, mazulia na brashi katika nyumba za watu wasioijua Tanga hata kwa jina, singa zake zilitoka kwenye mistari hii.

Kazi hiyo ilihitaji watu wengi, na wenyeji hawakuipenda. Kwa hiyo watu waliletwa. Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Wangoni, Wabena, na Warundi kutoka ng'ambo ya mpaka, wote wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, lililokwenda kuwatafuta mbali na kuwaleta kwa mkataba. Babu alikuwa mmoja wao. Alitueleza namna jani linavyokatwa: kwanza unaondoa mwiba wa nchani, maana usipouondoa utakutoboa jicho wewe au mwenzako, kisha unakata karibu na shina, unafunga mafungu, unayabeba mpaka kwenye reli ndogo ya shamba, nayo inayapeleka kwenye mashine ya korona yakasagwe singa zitoke. Utomvu wake unawasha. Babu alizeeka na ngozi ya mikono iliyokakamaa mpaka viwiko, na sabuni yoyote alisema haiwezi kuitoa ile harufu.

Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, mengine yakaachwa yakamezwa na vichaka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu sehemu ya kumi ya ule wa 1964. Mimi nimekulia katika mteremko huo. Nakumbuka baba zetu wakirudi kutoka kazini mapema kuliko ilivyopaswa, wakakaa barazani bila kusema walichoambiwa huko.

Barabara ya ngapi?

Basi lilitushusha Kange saa nane na nusu mchana. Tukachukua bajaji hadi nyumba ya wageni Chumbageni, tukaoga, tukapumzika kidogo, na alasiri ilipopoa tukashika njia ya Ngamiani.

Asiyekulia Ngamiani huenda asione cha kumshangaza pale. Ni mitaa iliyonyooka, imepangwa sambamba, nyumba zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, baraza mbele, ua nyuma. Barabara zake zinaitwa kwa namba: ya kwanza, ya pili, na kuendelea mpaka zaidi ya ishirini. Mpango huo wa mistari ulianza tangu Mjerumani, na wenyeji wa mji, wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa mashambani walioamua kutorudi makwao, wakajikuta wamepanga nyumba moja, wanapokezana jiko na bomba moja la maji.

Jambo lililotokea pale ndilo ninalolipenda kuliko yote katika mji huu. Mtu akitaka kukujua Ngamiani hakuulizi kabila. Anakuuliza, "Wewe wa barabara ya ngapi?" Ukishataja namba, anajua utakuwa unamfahamu nani, ulichota maji bomba gani, na madrasa au kanisa gani lilikuwa karibu nawe. Nyumba yetu ilikuwa na mpangaji Mdigo, fundi cherehani Mmakonde, na mama wa Kisambaa aliyeuza mboga soko la Mgandini. Mama yangu alipojifungua mdogo wangu, waliompikia uji na kumkanda kwa maji ya moto ni hao. Ndugu zetu wengi wa damu walikuwa Tabora, na barua ilichukua wiki nyingi kufika.

Tulipofika barabara yetu, bibi aliyekuwa akitukaangia vitumbua tulipokuwa watoto alikuwa amekaa barazani, mkeka chini, kanga mabegani. Hapiki tena, mkwewe ndiye anayepika. Nilipiga magoti kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo karibu, macho yangu siku hizi yananidanganya." Akanishika uso kwa mikono miwili. "Wewe si mtoto wa fundi wa reli? Wa pili?"

"Ndiye mimi bibi. Na huyu mjukuu wako."

Binti yangu akaamkia. Bibi akamvuta akamkalisha kwenye mkeka kabla hajauliza jina. Kisha akaita ndani iletwe chai, na alipokumbuka kwamba tumetoka safari, akaagiza mkate wa kumimina uliokuwa umeepuliwa muda si mrefu. Ulikuwa bado na joto, una iliki, chini umeungua kidogo pale sukari ilipogusa sufuria. Tulikaa hadi magharibi. Bibi alimweleza binti yangu mambo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siyajui: kwamba babu yake, yaani baba yangu, ndiye aliyezibua na kufunga upya bomba la ua ule miaka ya shida ya maji, na kwamba hakukubali kulipwa.

"Alisema hapa ndipo kwao," bibi alimaliza. "Basi mtu hulipwa kwa kutengeneza bomba la kwao?"

Jumamosi kwa baiskeli

Asubuhi tulikunywa chai mgahawani kwa mbaazi za nazi na maandazi, kisha nikaenda kwa fundi baiskeli nikakodi mbili. Tanga ni mji tambarare, na baiskeli ni chombo cha kila mtu. Wanaume wanakwenda nazo kazini, wanafunzi shuleni, na wanawake waliovaa buibui wanakwenda nazo sokoni, wamekusanya mapindo ya nguo upande mmoja, kapu nyuma. Miji mingine nimeona mwanamke juu ya baiskeli akigeukiwa na kusemwa. Tanga hakuna anayegeuka. Mama alinifundisha kuendesha nikiwa darasa la tatu, kwenye uwanja wa mchanga karibu na nyumba, na sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kuombea ruhusa.

Tulianzia Deep Sea, soko la samaki. Madau yalikuwa yamerudi na mnada umechangamka: changu, kolekole, vibua, pweza waliorundikwa kwenye beseni. Dalali alitaja bei kwa sauti ya kukokota, akinyanyua fungu baada ya fungu, na wanunuzi wakajibu kwa kidole au kwa kichwa tu. Mvuvi mmoja mzee alipoona tunauliza maswali mengi, akatuambia habari za silikanti, samaki aliyeupa mji huu sifa ulimwenguni. Wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanga nao wakaanza kuwakuta kwenye majarife yao ya papa, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 likatangazwa eneo la hifadhi ya bahari kwa ajili yao, kuelekea kusini mwa mji.

"Nyama yake haifai," mzee alisema. "Ina mafuta mengi. Lakini ukimtazama, mapezi yake yamekaa kimiguumiguu. Unamwona anataka kutembea."

Tukapita Bombo, chini ya miti mikubwa, tukafika Raskazoni. Bahari ilikuwa imejaa, upepo wa kusi unavuma kwa nguvu. Tulikaa juu ya ukuta wa mawe tukala machungwa yaliyobaki. Hapo ndipo Novemba 1914 Waingereza waliposhusha jeshi lao kuja kuitwaa Tanga. Walikuwa askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, waliosafiri wiki nyingi wamebanana ndani ya meli. Waliowasubiri, jeshi la Wajerumani, hawakuzidi sana elfu moja, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Mapigano yalifika hadi mitaani. Katikati ya risasi nyuki walichafuka kwenye mizinga na miti, wakawavamia wapiganaji wa pande zote mbili, na hadi leo wapo wanaoyaita vita vya nyuki. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha ufukweni bunduki, risasi na vifaa tele.

Vitabu vya kijeshi vinapenda kumsifu jemadari. Mimi ninawafikiria zaidi waliozikwa. Kijana wa Kihindi aliyetolewa kijijini kwao, asiyejua Tanga iko wapi, na askari Mmanyema au Mnyamwezi aliyepigana kuilinda himaya ya mtu mwingine. Makaburi ya vita hivyo yapo mjini humu, na majina mengi ya waliokufa hayakuandikwa kabisa. Nao waliletwa kufanya kazi, wakabaki.

Kutoka Raskazoni tulirudi mjini kwa njia ya pwani. Tukaingia makumbusho ya Urithi, ndani ya boma la zamani la Kijerumani, tukaangalia picha za Tanga ya zamani: treni za mwanzo, shule, masoko, familia za Kiswahili, za Kihindi, za Kigiriki na za Kiarabu zimesimama mbele ya maduka. Ujenzi wa reli ulianzia Tanga mwaka 1893, mwaka uleule wa miche ya Hindorf, na ilikuwa reli ya kwanza katika koloni la Wajerumani. Ilifika Moshi mwaka 1911. Binti yangu alisimama kwa muda mrefu mbele ya picha ya vibarua waliokuwa wakilaza mataruma. Alikuwa akitafuta nini usoni mwao sikumuuliza.

Stesheni yenyewe iko hatua chache kutoka bandarini. Zamani, treni ya abiria ilipokaribia, tulikuwa tunaisikia kutoka Ngamiani, na mama alijua saa kwa honi yake. Karakana aliyofanyia baba kazi tuliitazama kwa nje. Mlinzi alituruhusu kusimama getini kidogo, na nilimwonyesha binti yangu banda ambalo babu yake aliingia akiwa kijana na kutoka akiwa na mvi.

Bandari inaamka

Kisha tukaketi bustani ya Jamhuri, karibu na mnara wa saa wa zamani, tukitazama ghuba. Mbele yetu kisiwa cha Toten, kimefunikwa na msitu, ndani yake mna magofu ya misikiti na makaburi ya watu walioishi pale kabla mji haujahamia huku. Upande wa kushoto, bandari.

Nilipokuwa mdogo, meli kubwa hazikuweza kusogea gatini kwa sababu maji yalikuwa mafupi. Zilitia nanga mbali katikati ya ghuba, shehena ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi nchi kavu, shehena ikapakuliwa upya. Mzigo uleule ulibebwa mara mbili, na muda ukapotea mara mbili. Siku hizi kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13 na gati limejengwa imara, katika mradi uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 429. Jumamosi ile tuliona meli imefungwa gatini, ubavu wake umegusa ukuta, kreni inapakua moja kwa moja kwenye malori. Watu wa Dar hawatashangaa. Mimi nilisimama. Nilitamani baba awepo.

Binti yangu alinifafanulia kwa lugha ya masomo yake: meli inayomaliza kazi haraka inalipa kidogo, mwenye mzigo naye analipa kidogo, na bandari inayopunguza siku za meli inavuta meli nyingine. Nami nikamwongezea la Chongoleani, rasi iliyo kaskazini ya mji, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, limepangwa kufikia mwisho wake baada ya kilomita 1,443. Mafuta ya Hoima yanaganda kwa urahisi, kwa hiyo bomba lote linawekewa mfumo wa kuyapasha moto njia nzima mpaka baharini. Kwa mara nyingine tena Tanga ni mlango, na kwa mara nyingine tena watu wanakuja. Kwenye mgahawa tuliokula mchana, wali wa nazi na changu wa kupaka, meza ya pili walikaa mafundi wenye lafudhi ya Kanda ya Ziwa, na meza ya nyuma yao nilisikia Kiganda.

Usiku tulirudi Ngamiani. Kijiwe cha kahawa kilikuwa kimejaa: birika la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo ndani ya beseni la maji, kashata kwenye sinia. Wazee walikuwa kwenye bao, vijana wanabishana mpira. Wa Coastal Union walikuwa wanakumbushana ubingwa wa 1988, wa African Sports wanawajibu kwamba sifa za zamani hazijazi uwanja wa Mkwakwani. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye muziki, kama lazima yahamie ukiwa Tanga. Wakatajwa Jamhuri Jazz, wakatajwa Atomic Jazz, vikatajwa vilabu vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilivyoleta gitaa na mwendo wa kuchezeka kwenye taarabu, na Shakila binti Said, aliyeanzia kuimba huku kabla Dar haijamchukua. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza kama ninajua kuwa ngoma hizo nyingi zilifanyiwa mazoezi na watu waliokuwa wametoka kazini bandarini na relini, mikono bado ina grisi.

"Ninajua, baba," nikamjibu. "Baba yangu alikuwa akiwatengenezea vipaza sauti."

"Barabara ya ngapi?"

Nikamtajia. Akacheka kwa furaha, akamwambia muuza kahawa, "Huyu wetu, asilipe."

Machui

Jumapili asubuhi tulikodi bajaji ya kutupeleka Machui, kusini mwa mji, karibu na bahari. Kuna nyumba chache, minazi, mikorosho, watoto wanaokimbia kukusalimia. Shaaban Robert alizaliwa eneo hili, Vibambani, mwaka 1909, na hapa ndipo alipozikwa mwaka 1962. Aliandika mashairi, hadithi, insha na habari za maisha yake, huku akijipatia riziki kwa ukarani wa serikali, ukiwemo wa forodha kule Pangani. Kila Mtanzania aliyesoma sekondari amekutana naye.

Binti yangu naye alikuwa amemsoma shuleni, na alidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba mtu aliyeipenda lugha hii kiasi kile lazima awe na ukoo uliokaa pwani tangu enzi na enzi. Nikamwambia kwamba asili ya wazee wake ni Wayao, watu wa kusini, mbali na hapa. Tanga ndiyo iliyomlea, Kiswahili ndicho alichokipokea, akakirudisha kikiwa na thamani kubwa zaidi. Tulisimama makaburini, tukamwombea dua, na mzee wa kijiji aliyetusindikiza akatuombea nasi safari njema.

Njiani tukirudi nilielewa kwa nini nilitaka kumleta binti yangu. Huko Dar amezoea kusikia Tanga ikitajwa kwa lugha ya huruma: mji uliokuwa, mji uliolala, mji wa mkonge uliokufa. Nami ninaikumbuka Tanga ya utotoni kwa mapenzi makubwa, lakini sitaki akue akidhani ninalia kwa ajili ya mashamba. Mashamba yaliwatesa watu. Babu alipoteza ngozi ya mikono yake mle, na faida ilikwenda kwa wengine. Ninachokipenda ni kile ambacho watu hao walikijenga baada ya saa za kazi, kwa mikono yao na kwa hiari yao: ua wa nyumba unaotumika na wote, baraza isiyombagua mpitaji, bendi zao na timu zao za mpira, na adabu ya kumuuliza mgeni anakaa barabara ya ngapi badala ya kumuuliza ametoka kabila gani. Mji ulipokosa fedha, hivyo ndivyo vilivyobaki, na vilitosha kutulea.

Sasa fedha inarudi. Vyumba vya Ngamiani vimeanza kupanda kodi, bibi alituambia, na nyumba mbili za barabara yetu zimeuzwa kwa watu wasiojulikana. Maendeleo hayo nayataka, na nimeyangoja tangu siku zile baba aliporudi nyumbani mapema. Ninachowaomba wanaoupanga mji huu ni kwamba kibarua atakayeshuka Kange na begi lake awe na mahali pa kupanga anapopamudu, karibu na majirani. Na ufukwe wa Raskazoni ubaki na njia inayofikika kwa baiskeli. Bandari imechimbwa kina kipya kwa mashine. Ujirani wa Ngamiani ulichukua vizazi vitatu.

Tulipitia kwa bibi kumuaga. Alikuwa ametufungia mkate wa kumimina mzima ndani ya kanga safi, na chupa mbili za mtindi. Basi la alasiri liliondoka Kange likiwa limejaa. Tulipopita Muheza binti yangu aliniambia kwamba mwakani ataomba kufanyia mafunzo kwa vitendo bandari ya Tanga. Nilikuwa nimeshazungumza na bibi jambo hilo kabla hatujaondoka. Chumba cha uani kipo, kodi atamwachia nusu, na bomba lingali linatoa maji.